Munara wa Papa na Sanduku Pana

Sisi watu wa Bukavu tunajua kununua kitu kikubwa bila kupima. Papa, baba yangu, alikufa alfajiri katika chumba chake cha juu. Machozi hata hayajakauka, mudogo wake alikuwa tayari nje na sanduku la kumuzikia, la vioo na vishikio vya kung'aa, pana kama kitanda cha arusi. Majirani waone. Eti ni heshima. Nani alipima ngazi? Hakuna.

Na nyumba ile papa mudogo na ndugu zake wanaijua vizuri, wamekulia ndani yake. Ni munara wa mawe meusi juu ya ziwa. Muzungu mumoja mwenye shamba la kahawa aliujenga wakati wa ukoloni, akiiga ngome za mababu zake, za wakati watu wa kwao walipigana kwa panga. Ukuta ni munene, mukono wangu mzima hauumalizi. Madirisha kwa nje ni nyufa tu, kwa ndani yanapanuka, ili mulinzi atupe mushale bila kupigwa. Mulango ni mumoja. Ngazi inazunguka ndani ya ukuta, mutu mumoja mumoja, na inazungukia kuume: adui akipanda, upanga wake unagonga nguzo ya katikati, mwenye nyumba akishuka, mukono wake uko huru. Papa alinionyesha hayo kwa mwiko wa bugali, mimi ndiye adui.

Adui gani wa panga alikuja Bukavu? Muzungu aliogopa wafanyakazi wake mwenyewe, basi. Na mpaka leo watu wanasema "nyumba ya muzungu". Inaniudhi sana. Mawe yale bibi yangu, mama ya papa, ndiye aliyapandisha kutoka ziwani, mugongoni, kamba kwenye paji la uso. Alama ya kamba alizikwa nayo. Muzungu alipoondoka, bibi alihamia ndani na watoto wake, na papa hakukubali hata siku moja mutu atoboe ukuta. Mimi nilimuomba dirisha la jikoni, moshi unatuua, akakataa.

Sanduku halikupita kwenye ngazi, sasa papa mudogo anaita watu wa nyundo.

"Tunapasua ukuta huku juu," akasema, "tunamushusha na kamba, ndani ya sanduku."

"Kama mufuko wa simenti?"

"Mutoto, acha wakubwa waongee. Sanduku watu wameshaliona, haliwezi kurudi."

Kumbe shida yake ni hiyo. Nilikasirika. Nikaegemea ukuta, nikamuambia kwa heshima yote kwamba nyundo ipitie kwangu kwanza.

"Basi atatoka namna gani?"

Nilimuambia maman alete kamba yake ya kubebea, ile ya mifuko ya makala ya kupikia. Yeye na mimi tukamufunga papa ndani ya kitenge. Alikuwa amekonda sana, maskini. Maman akanifungia mugongoni, akaweka kamba kwenye paji langu.

"Mwanamuke habebi maiti," papa mudogo akasema.

"Mwanamuke alibeba nyumba."

Nikashuka polepole, kichwa cha papa begani. Mukono wangu wa kuume ulikuwa huru, vile alinifundisha, nikashikilia nao ukuta mpaka chini. Tukatoka kwa mulango wake. Nikamulaza ndani ya sanduku lao, na paji la uso lilikuwa linaniuma pale pale bibi alikuwa na alama.