Shikamoo Katikati ya Wimbo

Mwanangu, nakumbuka siku moja niliyomsalimia mzee hadi nikakaribia kukosa kitu nilichokitamani kuliko vyote. Usicheke bado. Weka simu pembeni, nayo ipumzike kidogo.

Nimekuona unavyozunguka humu ndani tangu jana. Unasema kesho hapa Katesh wanachagua vijana wa kufundishwa kuimba na kuigiza likizo hii ya Juni, bure, na chakula juu yao. Unasema sauti unayo, ila ukifikiria kusimama mbele ya watu wazima unatafuta visingizio vya kubaki nyumbani. Sawa. Ngoja bibi yako akueleze ya kwake.

Nilikuwa binti wa umri wako, kijijini kwetu Tumati. Mwalimu Zuhura, aliyehamishiwa shule yetu kutoka Tanga, alitangaza kwamba watakaofaulu usaili watakwenda Katesh bure likizo nzima kujifunza mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, kisha watauonyesha mbele ya watu. Mimi Katesh nilikuwa naijua kwa kusimuliwa tu. Niliitaka safari ile hadi nikawa naimba nikikamua, na ng'ombe wetu mmoja, mwenye tabia ya kujiona, akaanza kunikimbia.

Mama yangu aliposikia neno bure, akanuna. "Wakulishe, wakulaze, wakufundishe, halafu bure? Hao watu wana shida gani?" Nilimbembeleza mpaka akachoka. Akakubali kwa sharti moja: nisipochaguliwa, likizo yote ni kuvuna maharage, na habari za kuimba asizisikie tena nyumbani kwake. Siku yenyewe alinisindikiza mwenyewe, amebeba mfuko wa mahindi ya kupukuchua, maana hakujua kukaa mikono mitupu. Akaketi nje, chini ya dirisha la darasa. Madirisha yenyewe hayakuwa na vioo.

Mlangoni tulimkuta Mzee Gwandu, mzee wa kanisa letu, tukamwamkia, kisha tukaingia naye ndani. Mwalimu alikuwa amemwomba aigize babu mchoyo aliyefunga ghala la mahindi wakati wa njaa. Walikuwa wamepanga madawati mawili, ndiyo ghala hilo, naye akakaa juu yake na blanketi lake begani. Kila kijana alitakiwa kuingia kwa hasira, bila salamu, amwimbie usoni:

"Babu mchoyo, fungua ghala,
Wajukuu wako na njaa wamelala!"

Bila salamu! Mwanangu, unajua kwetu. Ukimpita mzee bila shikamoo, habari inafika nyumbani kabla yako.

Zamu yangu ikafika. Nikaingia, nikavuta pumzi, sauti ikatoka safi kabisa: "Shikamoo, babu mchoyo..." Niliiimba ile shikamoo, tena nikaivuta vizuri, kana kwamba ndivyo wimbo ulivyotungwa. Na Mzee Gwandu, bila kukusudia, akaitika, "Marahaba mwanangu, hamjambo nyumbani?" Nikasema hatujambo. Akauliza ng'ombe. Nikasema wazima. Mwalimu Zuhura akafunika uso kwa viganja.

Akaniambia nirudie. Mara hii shikamoo niliibana kwa meno, ila macho nikayapeleka juu. Babu yuko pale mbele, mimi nagombana na mabati ya paa. Wenzangu walicheka hadi mmoja akateleza kwenye benchi. Machozi yakanilengalenga. Niliyaona yale maharage, shamba zima, yakiningoja mimi.

"Nakupa nafasi ya mwisho, Martha," Mwalimu akasema, na sauti yake haikuwa na tumaini.

Hapo Mzee Gwandu akaniita kwa mkono. Nikasogea karibu na yale madawati.

"Binti, nimeacha ng'ombe wangu kwa mtu nisiyemwamini," akaniambia polepole. "Nimekuja nikae huku juu nitukanwe. Wewe unanisalimia. Ningetaka kusalimiwa si ningebaki nyumbani?"

Nikasema, "Samahani mzee, naogopa kukukosea."

"Heshima yangu umenipa asubuhi pale mlangoni, nimeipokea, iko hapa." Akapiga-piga blanketi lake. "Sasa naomba kazi. Ukinitukana nusu nusu, ndiyo umenidharau, maana umenipotezea siku."

Mwanangu, nilisikia aibu, lakini aibu ya namna nyingine, ile inayokuamsha. Nikatoka nje ya mlango, nikaingia upya. Sijui mkono ulifikaje kiunoni. Kidole kikapanda chenyewe hadi karibu na pua ya mzee, na sauti ikatoka tumboni. Nilimwimbia uchoyo wake, tumbo lake na funguo zake.

Nikiwa pale juu kabisa pa wimbo, gunzi likaingia dirishani likanipiga begani.

"We Martha!" Mama huyo mlangoni, pumba za mahindi kwenye kanga. "Mzee Gwandu ndiye unayemwambia hivyo? Nani kakulea?"

Nilidhani yameisha. Lakini Mzee Gwandu hakushuka ghalani. Alimgeukia mama kwa ule ule uso wa uchoyo, akanguruma, "Na wewe mama yake ondoka! Silifungui!"

Mama, badala ya kuondoka, akamsogelea. Mkono ukaenda kiunoni, kidole kikapanda. "Hulifungui? Mtu mzima kama wewe, watoto wana njaa, hulifungui?"

Darasa zima likapiga makofi. Ndipo mama alipojiona. Akaziba mdomo kwa kanga, akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo mzee."

"Marahaba," akajibu Mzee Gwandu. "Hamjambo nyumbani?"

Mwalimu Zuhura alikuwa akijifuta machozi ya kicheko. Akasema ameshaelewa kidole kile nimekitoa wapi, na kwamba nitakwenda Katesh. Nilifurahi hadi nikakumbatia gunzi. Na siku ya maonyesho mama alikuja, akakaa mbele kabisa. Tulipomaliza, aliniambia nimeimba vizuri, ila yule mjukuu mwenye kidole hana adabu, mwalimu angemrekebisha.

Basi, mwanangu, kesho ukifika msalimie kila mtu mlangoni, mkubwa kwa mdogo, usibakize. Heshima yako itakuwa imeshapokelewa. Wakikuita katikati, usiende kuwaonyesha jinsi ulivyolelewa. Wanaokusikiliza wameacha kazi zao kwa ajili yako, na kuwapa nusu ya sauti ndiyo kuwakosea. Wape sauti yote, hata ikikatika. Wasipokuchagua, rudi, maharage yapo, nami nitavuna nawe tukiimba. Lakini usirudi na wimbo ambao hukuuimba, huo utakusumbua hadi uwe na mvi kama hizi zangu.

Nitakusindikiza. Nitakaa chini ya dirisha, na magunzi nitayaacha nyumbani.

Mungu akupe pumzi ndefu na koo lisilokauka. Akupe watu wa kukuambia ukweli bila kukuvunja, kama alivyonipa mimi. Nenda ukalale sasa, na asubuhi, mwanangu, ukawafungulie ghala la sauti yako.