Gari Lililomtembeza Bibi Yangu

Mwaka huu nimerudi Mocímboa da Praia, mji wetu wa pwani kaskazini mwa Msumbiji, na kitu cha kwanza kilichonikasirisha ni njia ya mtaa wetu. Imekuwa nzuri. Greda limepita kutoka msikitini hadi karibu na bandari, na ile njia ya mashimo na mizizi sasa imelala tambarare, pana, nyekundu. Nilisimama katikati yake nikasema kwa sauti, peke yangu: hapa hata Kenge angepita. Kisha nikatema mate.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, Kenge alikuwa nani. Alikuwa gari. Jirani yetu, mfanyabiashara ambaye watu wake walitoka Mtwara, alilinunua huko ng'ambo, akalivusha Rovuma kwa pantoni mpaka Namoto, halafu likasukumwa kwenye mchanga siku mbili kabla ya kufika kwetu. Gari la michezo, milango miwili tu, rangi ya limau lililoiva, na springi zake zilikuwa zimekatwa ili likae chini. Lilikaa chini kweli. Kuku wa kwetu waliweza kulirukia, lakini kupita chini yake hawakuweza. Likitembea, tumbo lilikwaruza ardhi kwa sauti ya sufuria inayoburutwa, ndiyo maana sisi watoto tukaliita Kenge.

Kuishi na gari lile ilikuwa kazi ya mtaa mzima. Mbele ya kila tuta jirani alisimama, akawaomba abiria washuke ili gari liinuke kidogo, wakatembea mpaka upande wa pili, wakapanda tena. Watoto wengine walibeba vipande vya mbao vya kuweka chini ya magurudumu. Mmoja alilala kifudifudi mchangani, shavu chini, akichungulia tumbo la gari na kupiga kelele: "Pita, pita, simama!" Kosea kidogo, sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, linapasuka na oili yote inabaki njiani. Bingwa wa kuchungulia nilikuwa mimi. Zawadi yangu ilikuwa kukaa kiti cha mbele kutoka nyumbani kwa mwalimu wa mtaa hadi mlangoni kwetu. Nilikuwa na miaka tisa, na siku hizo nilimpenda jirani yule kuliko wajomba zangu.

Nililelewa na bibi, mama yake mama. Bibi alikuwa mtu wa mwambani. Siku za bamvua, maji yakitoka kabisa, alijifunga kapulana mbili, kanga za huku kwetu, akachukua kikapu na chuma chake cha kuchokolea pweza, akaenda na wanawake wenzake huku wakisemana na kucheka njia nzima. Alirudi na chaza, kombe, siku nyingine pweza wawili. Mimi nilikuna nazi. Yeye alichuja tui, akaweka bizari na ndimu, na harufu yake ilimfanya yule mwalimu apite kutusalimu bila haja yoyote. Tulikula kwa ugali wa muhogo. Bibi alikuwa akisema, "Anayeujua mwamba halali njaa," na kwa kweli sikumbuki kulala njaa hata siku moja nyumbani kwake.

Siku moja huko mwambani alikanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Unajua mwiba wa taa, ukiingia hautoki na nyama zake tu, unatoka na akili ya mtu. Wanawake walimbeba mpaka nyumbani, mguu umevimba, rangi imeharibika, na bibi, ambaye hakuwahi kulia mbele yangu, alikuwa anauma upindo wa kapulana. Kulikuwa na toroli la kubebea saruji kwa fundi wa nyumba ya pili. Tungempakia mle, angefika hospitali mzima. Lakini jirani alitokea na funguo mkononi. "Mzee kama huyu apande toroli, na gari lipo?" Tulimshukuru, hata mimi. Nilileta mto wa kuwekea mguu.

Tuta la kwanza, akasimama. Nilidhani siku ile angepita tu, likwaruze litakavyokwaruza. Aligeuka akamwambia kwa adabu zote, "Bibi, shukeni kidogo. Mtapanda hapo mbele." Bibi akashuka. Na kwenye mzizi wa mkorosho akashuka tena. Na kwenye mfereji wa maji, na kwenye lile shimo la mbele ya kwa mwalimu, ambako mchanga ulikuwa wa moto kama kikaango. Kila mara alijibu, "Haya, mwanangu," akajivuta kwa mguu ule mpaka ng'ambo ya tuta, akisubiri gari zima limfuate. Mimi nilikuwa kazini, nimelala kifudifudi, nachungulia. Gari lilifika hospitali bila mkwaruzo.

Nesi aliuliza ni nani aliyemtembeza mgonjwa huyu. Bibi alikatwa vidole vitatu vya mguu ule na kukaa hospitali wiki nyingi, na aliporudi alichechemea, na mtu anayechechemea hatembei juu ya mwamba wenye utelezi. Chuma chake cha pweza alimpa mwanamke mwingine. Bamvua ikifika alikaa mlangoni akiwaangalia wenzake wanapita na vikapu, wakimwita kwa utani, na yeye akijibu utani, kisha akaingia ndani mapema. Tangu hapo tulikula mchicha. Jirani aliniita nije nichungulie, sikwenda. Watu husema hasira hasara. Mimi yangu niliilisha kila siku ikanenepa.

Mwaka uliofuata jirani akaoa. Alitaka bibi harusi aletwe kwa Kenge, basi alilipeleka gari kwa wakwe siku mbili kabla, wakalipambe kwa maua na tulle, kile kitambaa chepesi cha shela. Siku hizo mbili ndizo nilizozihitaji. Palikuwa na udongo mwekundu uliobaki kwenye kukandika nyumba yetu. Mimi na wasichana wenzangu wanne tuliubeba kwa beseni, tukaumwaga kukatisha njia mbele ya mlango wetu, nyumba tatu kabla ya kwa jirani, tukaumwagia maji na kuushindilia kwa michi, vile wanawake wanavyoshindilia sakafu. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka wake akituona. Alisema kitu kimoja tu: "Hapo katikati bado pamelegea."

Sasa ujue desturi yetu. Bibi harusi hakanyagi ardhi mpaka aingie kwa mumewe. Kama pana mahali pa kutembea, wanawake wa mtaa humbeba mgongoni, na ni fahari kutoa mgongo wako. Alasiri ile gari lilikuja likiwa limejaa: jirani mwenyewe kwenye usukani, maana hakumwamini mtu mwingine, bibi harusi nyuma, na kungwi wake, mama mzee na mzito. Lilipanda juu ya tuta letu likakaa. Magurudumu ya mbele yakazunguka hewani, tulle ikasambaa mchangani, vigelegele vikakatika.

Jirani akashuka na kanzu yake nyeupe. "Mama zangu, nibebeeni mke wangu, ni hatua chache tu." Hakuna mgongo ulioinama. Wanawake wote, wale wale waliombeba bibi kutoka mwambani, walimtazama bibi. Akaelewa. Alikuja akapiga magoti mbele ya mkeka, jasho linamtiririka.

"Bibi, nakuombeni. Waambieni wambebe."

Bibi aliunyoosha ule mguu wake mbele ya macho yake. "Mwambie ashuke kidogo, mwanangu. Atapanda hapo mbele."

Mtaa mzima ulisikia. Mtenda akitendewa huona kaonewa, lakini jirani hata hilo hakuliona. Alichokiona ni gari lake. Mwishowe bibi harusi mwenyewe alivua viatu, akashuka, akatembea na miguu yake ya hina kwenye mchanga mwekundu, akamwambia bibi shikamoo alipompita. Nilimwonea huruma kidogo. Kwa jirani nilifurahi, sitakudanganya, nilifurahi mpaka usingizi ukanipotea, na hata leo nikikumbuka ile kanzu yenye matope magotini nachangamka.

Kisha yakaja yale unayoyajua, vita na mashambulizi, tukakimbia kusini. Bibi alifia ugenini, akazikwa na watu waliomjua miezi mitano. Nyumba za mtaa ziliungua, Kenge naye akaungua ndani ya banda lake. Tuliorudi ni wachache, na sasa watu wa munisipio, serikali ya mji, wanataka kila mmoja aonyeshe kiwanja chake kilipokuwa, aweke vigingi, la sivyo kitagawiwa mwingine. Ndiyo maana nilikuwa nimesimama pale katikati ya barabara nzuri na vigingi vinne kwapani. Msikiti ulikuwepo. Vingine vyote havikuwepo, na mimi niliyezaliwa pale sikujua nyumba ya bibi yangu ilianzia wapi.

Aliyekuja kunisaidia ni jirani yule yule, mwenye Kenge. Amezeeka, amekonda, anatembea kwa miguu kama sisi sote. Hakunisalimu kwa maneno mengi. Alisimama kwenye kizingiti cha msikiti akaanza kuhesabu hatua. "Hapa shimo la kwa mwalimu. Hapa mfereji, unapita kwa kushoto, mbao mbili. Hapa mfereji, unapita kwa kushoto, mbao mbili." Njia yote ilikuwa mwilini mwake, kila kilima na kila bonde, kwa sababu tumbo la gari lile lilimlazimisha kuijua. Hakuna mtu mwingine aliye hai anayeweza kuisoma hivyo. "Kwa bibi yako," akasema, akaacha kutembea. Nilichimba kwa jembe. Niliyakuta mafiga matatu ya jiko letu, meusi bado.

Nilianza kupigilia vigingi bila kumshukuru. Niliwaza tui, michi, wanawake wakipita na vikapu, yote hayo hayapo, na aliyebaki na ramani yake ni mtu huyu. Yeye alirudi nyuma hatua chache kuelekea msikitini, akasimama.

"Na hapa nilimshusha pia," akasema. "Akaanguka."

Nikamwambia hakuanguka. Nilikuwepo.

"Ulikuwepo, mwanangu. Ulikuwa umelala chini unatazama tumbo la gari. Alianguka, nikamwinua, akaniambia nisikwambie."

Niliweka nyundo chini. Bibi alianguka nyuma ya mgongo wangu kabisa, na mimi napiga kelele pita, pita. Nilitamani ageuke aondoke ili nimchukie akiwa mbali, kama siku zote. Hakuondoka. Basi nikamwambia asimame hapo hapo, asisogee kivulini, mpaka nimalize. Jua lilikuwa la saa saba. Nilipigilia vigingi vyote vinne polepole, na yeye alisimama pale bibi alipoangukia, kichwa wazi, mpaka cha mwisho kilipoingia.