Ubao Aliojiwekea Mbithe

Ni Alhamisi, saa tatu asubuhi, na katika karakana moja ya mabati mtaani Mumbuni, Machakos, mashine ya kuchonga imenyamaza ghafla. Syokau Masila amesimama kando yake, mkono mdomoni. Mbele yake kuna ubao wa mti wa mukau, na juu ya ubao jina la marehemu: MBITHE MUNYAO. Herufi ya mwisho imepitiliza hadi ukingoni na kuumega ubao.

Mazishi ni Jumamosi. Ubao ni huo mmoja.

"Nimeharibu," anasema polepole. "Nimeharibu mbao ya watu."

Syokau ana miaka thelathini na sita, na kwa miaka kumi na mmoja kazi yake imekuwa kuchonga misalaba ya makaburini. Kila msalaba humletea shilingi elfu nne na mia tano, na mwezi ukiwa mzuri huuza minane. Lakini ukweli usemwe, hakuna anayefurahi kumwona mteja wa kazi kama hii akiingia mlangoni.

Ubao huu una habari yake. Mbithe, mama mkulima wa Kalama, aliupanda mukau huo mwenyewe. Ulipokomaa aliwaambia wanawe waukate na wauze mbao zote isipokuwa mmoja. Huo aliuweka darini, na kwa miaka kumi na minne kila aliyeugusa alikaripiwa.

"Alikuwa anatuambia, 'Hiyo msiniuzie. Hiyo ni ya msalaba wangu,'" anasema bintiye, Nthambi, mwenye umri wa miaka hamsini na minane. "Sisi tulikuwa tunacheka. Sasa tumeacha kucheka."

Nthambi aliuleta Jumatatu, akiwa ameufunga kwa shuka. Wakati huo Syokau alikuwa na msiba wake mdogo. Kompyuta iliyokuwa ikiiongoza mashine, mzee wa kazi aliyenunuliwa kutoka saiba ya intaneti iliyofungwa, ilikuwa imezima na haikuwaka tena. Muuzaji mmoja wa Nairobi alimtajia shilingi laki moja na nusu kwa mtambo mpya.

"Hiyo pesa ningeitoa wapi?" anauliza. "Ilibaki nifunge mlango, ama nijifunze."

Alijifunza. Alinunua kikompyuta cha shilingi elfu tisa, kinachotoshea kiganjani, akapakua mtandaoni programu ya bure ya kuendesha mashine za namna hiyo. Siku mbili alishinda ameinama juu ya nyaya, chai ikipoa pembeni. Jumatano mchana mashine ilisogea. Alikaa chini, anasema, akalia kidogo, kisha akaendelea na kazi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hawakutuambia kwamba koleo likivunjika, huenda limeondoka na siri ya mhunzi.

Siri yenyewe ilikuwa namba. Mashine hii husogeza kisu kwa parafujo ndefu ya chuma, na kompyuta lazima ijue kila mzunguko wa parafujo unakisogeza kisu umbali gani. Miaka sita iliyopita parafujo ya kiwandani ilivunjika, na Wesley, aliyekuwa mshirika wa Syokau, akachongewa nyingine na fundi wa mjini. Uzi wake, yaani mfuo unaoizunguka, ulitoka mpana kidogo kuliko wa kwanza, na kila mzunguko ukakisogeza kisu mbali zaidi. Wesley akabadilisha namba ndani ya kompyuta, kazi ikaendelea, wakasahau. Syokau alipohamia kwenye kikompyuta kipya, aliandika namba aliyoikuta katika kitabu cha mashine.

Mtu atauliza, si angejaribu kwanza? Alijaribu. Lakini katika karakana hii jina la marehemu halichongwi kwenye kipande cha kujaribia, kwa sababu vipande hivyo huishia jikoni.

"Huwezi kuchoma jina ya mtu ukipika ugali," anasema. "Hiyo hapana."

Kwa hiyo alijaribu kwa kuchonga ua dogo la sentimita tatu. Kosa lilikuwa milimita nne kwa kila sentimita kumi, na juu ya ua dogo namna ile hakuna jicho ambalo lingeliona. Juu ya jina refu zaidi ya nusu mita, lilikula ukingo.

Sasa anampigia simu Wesley, ambaye siku hizi ameajiriwa kiwandani Mavoko.

"Ile namba niliweka tu kwa kompyuta," sauti ya Wesley inasikika. "Sikuandika mahali. Kwani tulijua itakufa?"

Simu ya pili ni kwa Nthambi. Hiyo anatoka nje kuipiga.

Nthambi anafika kabla ya saa sita. Anapitisha kidole ndani ya herufi, moja baada ya nyingine, hadi pale palipomegeka.

"Mwaitu, nisamehe," Syokau anamwambia, akimwita mama kwa Kikamba. "Mbao ni nene. Naweza kuipiga randa hii jina itoke, nipunguze kingo, nichonge tena herufi ndogo kidogo. Lakini ukikataa, nitaelewa."

"Na hayo maranda utapeleka wapi?"

 Nthambi anaifungua leso yake kiunoni na kuitandaza sakafuni, chini ya ubao.

"Piga," anasema. "Yote yaanguke hapa."

Syokau anapiga randa kwa mkono, taratibu, na jina la Mbithe linaondoka utepe kwa utepe. Nthambi anaokota hata vipande vilivyorukia mbali. Baadaye Syokau anaiamuru mashine ichore mstari wa sentimita hamsini kwenye mbao chakavu. Anaupima kwa futi: sentimita hamsini na mbili. Anasahihisha namba, anarudia mara tatu, kisha anaiandika kwa rangi nyekundu kwenye mwili wa mashine.

Saa kumi jioni jina linasomeka lote, na nafasi imebaki pande zote mbili.

Jumamosi, huko Kalama, Nthambi aliifungua leso kaburini na kuyamwaga maranda juu ya jeneza kabla ya udongo. Syokau, aliyekuwa ameitwa ausimamishe msalaba kwa mikono yake, alifuta macho waziwazi.

Wachongaji wawili wa Wamunyu, ambao mashine yao imelala tangu mwaka jana, wamemwomba awawekee kikompyuta kama chake. Amekubali, kwa sharti kwamba siku ya kwanza itakuwa ya kupima tu, na asiyetaka kupima atafute fundi mwingine. Kwa akiba itakayopatikana anataka kununua parafujo ya kiwandani.

"Yule mama alingoja na mbao yake miaka kumi na minne," anasema. "Mwingine akiniletea yake, nataka niipokee nikiwa nimeshapima."