Sindano Ilipotulia

Tangu wazazi wetu wafariki, mimi na wadogo zangu tulilishwa na chenga za mchele nilizozoa kila jioni chini ya mashine ya kukoboa mpunga niliyoiendesha pale Ifakara.

Siku moja mashine ilitetemeka vibaya. Fundi akaipima kwa vifaa viwili. Sindano ya kipimo cha zamani ilitulia, nikashusha pumzi. Kile kipya cha kidijitali kikaonyesha mishtuko mikali.

"Hicho kimelewa," nikasema.

"Dada, sindano ni nzito. Mshtuko unapita kabla haijainuka. Zima."

Nilifikiria sufuria ya nyumbani. Kisha nikamtazama mteja, mama mmoja aliyekuwa akimimina mpunga karibu na mkanda wa mashine. Nikazima.

Beringi ilipofunguliwa, gololi zake za chuma zilikuwa zimepasuka. Jioni tulikunywa uji mtupu, na mdogo wetu wa mwisho akauliza mashine itapona lini.