Kitanda cha Baba Mkwe

Diploma yangu ya uuguzi na ukunga haikutafutwa na mjomba wala kuombewa na mchungaji. Niliipata mwenyewe baada ya kurudi kutoka Zambia, nikiwa na umri ambao wenzangu wa darasani wangeweza kuniita mama mdogo, na wengine waliniita. Kule ng'ambo ya mpaka nilikuwa nikifua mashuka na kupiga deki katika zahanati ya mtu binafsi, nikizungumza Kibemba na wagonjwa vizuri kuliko baadhi ya manesi. Siku moja niliona kwamba ndoo nimeishika vya kutosha.

Nilirudi Tunduma, nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikarudia Kemia na Fizikia za kidato cha nne, ambazo nilizifeli nikiwa msichana. Mchana niliuza vitenge sokoni Mpemba, jioni nilisoma. Mume wangu aliniahidi kwamba nikishindwa hatanicheka. Hakupata nafasi ya kutimiza ahadi hiyo, maana sikushindwa.

Watu huniuliza njia ni ipi, nami huwajibu bila kupamba. Unafaulu masomo ya sayansi, unaomba chuo, unasoma miaka mitatu, mara darasani mara wodini. Unafanya mitihani ya nadharia na ya vitendo, na ukishamaliza chuo unafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ukifaulu huo ndipo unasajiliwa na kupewa leseni. Kabla ya hapo wewe ni mwanafunzi tu mwenye sare nyeupe, hata kama unajua mengi. Mimi nilikuwa najua mengi.

Kilichokaribia kunikwamisha hakikuwa masomo. Wiki ya mtihani wa mwisho wa vitendo, baba mkwe wangu alikuwa amelazwa katika wodi ya wanaume ya hospitali ile ile tuliyokuwa tukijifunzia. Alijikata mguu kwa shoka akipasua kuni kwake, huko milimani Ileje, na kidonda kikatunga usaha. Kwa mila ya upande wa mume wangu, mke wa mtoto na baba mkwe hawakai chumba kimoja. Hawatazamani usoni, hawasemezani, na mke halitamki jina la mzee hata kama ni la mtu mwingine kabisa. Tangu niolewe nilikuwa nikimjua kwa mgongo wake tu. Sikuwahi kuona kwamba ni mzigo. Ni heshima, na mimi si mtu wa kukosa heshima.

Kwa hiyo wodi ile sikuikanyaga. Uji alipelekewa na wifi yangu, kidonda walikisafisha wanafunzi wenzangu, nami niliwashikia zamu zao kwenye wodi ya leba.

Siku ya mtihani tuliokota vikaratasi vilivyokunjwa, kila kimoja kikiwa na kitanda na kazi. Changu kilisema wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, kusafisha na kufunga kidonda. Kitanda hicho nilikijua kwa kukikwepa.

Mtahini alikuwa mama mmoja kutoka Dodoma, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Nilimweleza kwa kifupi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema anaheshimu mila za watu wote lakini kikaratasi hakibadilishwi. Nikikataa mimi, nitapata sapu, yaani nitarudia mtihani miezi kadhaa baadaye, na wenzangu watakwenda kwenye mtihani wa Baraza bila mimi. Akikataa mgonjwa, hiyo ni haki yake, ila na hapo nitahesabiwa kuwa sikumaliza kazi.

Nilinawa mikono, nikapanga toroli ya vifaa. Mpaka leo sijaona toroli iliyopangwa vizuri kama ile.

Nilisimama upande wa miguu, macho yangu kwenye blanketi, nikasema kwamba mimi ni muuguzi mwanafunzi na nimekuja kusafisha kidonda. Mzee aliijua sauti. Blanketi likapanda mpaka juu ya kichwa, miguu ikabaki nje.

Kwenye kitanda cha jirani alilala dereva wa malori, mtu wa Tanga, mguu wake umening'inizwa. Alikuwa amechoka kutazama dari.

"Mzee, unajificha nini?" akasema. "Mbona hana hata sindano?"

Mtahini aliniuliza kama mgonjwa amekataa. Nilimwambia kwamba bado hajasema lolote, na huo ulikuwa ukweli. Tukasubiri. Hatimaye sauti ikatoka chini ya blanketi, ikimwendea dereva.

"Kijana. Huyo aliyesimama hapo amevaa nini?"

"Nyeupe, mzee. Juu mpaka chini, na pasi imekolea."

"Mke wa mwanangu anavaa kitenge, na akisikia naja anakimbilia jikoni. Basi huyo siye. Huyo ni wa hospitali. Afanye kazi yake."

Dereva alinigeukia akanijulisha kwamba nimeruhusiwa, kana kwamba mimi sikuwa na masikio.

Likabaki jina. Kabla ya kumgusa mgonjwa ni lazima uhakikishe kuwa ni yeye, na ukiiruka hatua hiyo umeanguka, hata ufunge kidonda namna gani. Wanafunzi wengi husoma faili kisha wanauliza, "Wewe ndiye fulani?" Hilo ni kosa, kwa sababu mgonjwa aliyechoka huitikia jina lolote. Utaratibu ni mgonjwa ajitaje mwenyewe. Wapo waliousahau. Mimi sikuusahau.

"Tafadhali baba, nitajie majina yako matatu."

Alimnong'oneza dereva, na dereva akayatangaza kwa sauti ya mnadani.

"Namtaka mgonjwa," mtahini akasema. "Sio jirani yake."

Niliangalia vidole vya miguu ya mzee, vikijikunja na kujikunjua. Kisha blanketi lilisogea kidogo, bila kufunua uso, naye akataja majina yake yote matatu, polepole, kama anayejitambulisha kwenye mkutano wa kijiji. Yalikuwa maneno ya kwanza kunielekezea tangu niingie katika ukoo wake. Niliyalinganisha na faili kwa macho, nikamwambia mtahini kwamba yanalingana.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Nilitoa bandeji ya zamani, nikasafisha, nikaweka gozi, nikafunga. Nilifaulu kwa alama ambazo wakufunzi bado wanazitaja, kisha nikafaulu mtihani wa Baraza kwa mara ya kwanza. Leo leseni yangu ipo ukutani sebuleni, ndani ya fremu, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona.

Habari zilifika Ileje kabla yangu. Shangazi wa mume wangu, anayesimamia mambo kama haya kwenye ukoo, alikuja Tunduma kunihoji. Hakuzunguka. Alitaka kujua kama nilimwona kaka yake usoni, na kama nililitamka jina lake.

"Jina alilitaja mwenyewe," nilimwambia. "Uso alikuwa ameufunika. Nilichoona ni mguu, shangazi, na mguu umepona."

Alisogeza kikombe chake cha chai pembeni. Kisha akakunja mkono wa gauni lake mpaka juu ya kiwiko, akaweka mkono mezani, akaniambia nimpime presha.