Mzigo Uliotekwa na Mtani

Naikumbuka siku moja, mwanangu, na kwa kuwa kesho unapanda treni kwenda Dar na vitabu vyetu, keti nikusimulie.

Nilikuwa kijana. Kampuni hii ya uchapishaji ilikuwa chumba kimoja hapa Tabora mjini, na kitabu cha maana nilichokuwa nacho kilikuwa cha Mama Kalunde, mkulima wa Kwihara. Aliandika habari za babu yake, Mayunga, mpagazi wa misafara, aliyebeba pembe za ndovu, mali ya watu, kutoka huku hadi pwani. Nilipokwenda kumuaga kabla ya kukipeleka kitabu chake Dar nilimkuta mgonjwa, hawezi safari. Akaniambia, "Babu alikwenda pwani mara nyingi, hakuna aliyemuuliza jina. Wewe kalitaje." Nikasema haya mama, nitalitaja. Kuahidi ni rahisi ukiwa bado nyumbani.

Huko Dar palikuwa na mkutano wa kuwaenzi waandishi weusi, wametoka nchi nyingi, wengine ng'ambo. Meza yangu iliwekwa pembeni, karibu na mlango wa jikoni. Wachapishaji wakaitwa jukwaani mmoja mmoja kueleza walichokuja nacho. Wale wakubwa walizungumza vizuri, wakapigiwa makofi, nami nikakiona kitabu changu kimekuwa chembamba ghafla. Zamu yangu ilipokaribia nilimwendea mwendesha shughuli, Bi Mwanaidi, naye mchapishaji, nikamwambia ampe mtu mwingine nafasi yangu, muda umekwenda.

Akanitazama. "Kwani wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Alaa! Na mimi Mzaramo."

Basi nimekwisha. Utani wetu na Wazaramo unaujua: mtani akishika kitu chako, hukipati mpaka ukikomboe, na kununa huruhusiwi. Alilichukua boksi langu la vitabu akajitwika kichwani, na hereni zake na kitenge chake cha shughuli, akapanda nalo jukwaani.

"Jamani, nimemteka Mnyamwezi! Hawa ndio zao, wanakuja pwani na mizigo, ukiwauliza ya nani, kimya! Huyu haondoki na kitu mpaka aseme amebeba mzigo wa nani!"

Wageni wa ng'ambo walidhani ni ugomvi, hata mlinzi akasogea. Wenyeji wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Ningefanyaje? Nikapanda. "Wazaramo kwa kupora wasafiri hamjambo," nikamwambia, "tangu enzi za babu zetu." Kicheko kile kiliniondolea woga. Nikamtaja Mama Kalunde, nikamtaja Mayunga, nikasoma pale anapotua pembe Bagamoyo, bega limechubuka, na mwenye mali anakagua pembe tu. Hapo hakucheka mtu. Mzee mmoja mgeni, aliyekuwa akitafsiriwa sikioni, aliniomba niyarudie yale majina taratibu ili naye aweze kuyatamka.

Kutoka stesheni ya Tabora nilikwenda Kwihara moja kwa moja. Mama Kalunde hakuuliza kama vitabu vilinunuliwa.

"Ulimtaja?"

"Nilimtaja, mama. Na wewe nilikutaja."

Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Basi safari hii babu kafika," akasema, akaniagizia uji. Mvua za mwaka ule hakuziona. Nafurahi sana mpaka leo kwamba nilimpa jibu lile.

Sasa sikiliza, mwanangu. Huko uendako utakuta wenye meza kubwa kuliko yetu, na wala usihangaike nao. Ukiitwa, simama. Anza na jina la aliyeandika na majina ya wale aliowaandika, kampuni yetu itaje mwisho, hata ukiisahau sitanuna. Na ukiona woga umekuzidi, mchokoze Mzaramo yeyote aliye karibu, atakusukuma mbele mwenyewe. Mungu akufikishe salama na akurudishe salama, akupe sauti siku hiyo, na asiwepo hata mmoja uliyembeba atakayerudi Tabora bila kutajwa.