Mtungi Usiooshwa

Niliondoka Pugu na sanduku la bati, nikalala na kuamka ndani ya treni, miyombo ikipita dirishani mpaka sikujua kama tunakwenda sisi au nchi ndiyo inayorudi nyuma. Njia hiyo zamani Wanyamwezi waliitembea na misafara hadi kwetu pwani, na humo ndimo utani wao na sisi Wazaramo ulimozaliwa. Nilishuka Kigwa, kwenye kazi ya ghala la asali.

Nilipanga kwa bibi mmoja aliyetengeneza wanzuki, mvinyo wa asali, tangu usichana wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mzaramo! Leo mwizi ameletwa mpaka mlangoni."

"Nimekuja kukuoa."

"Utanilisha nini, nazi?"

Wengine walitia sukari, wakauza kesho yake. Yeye alingoja, sikio kwenye mtungi, mpaka uache kunong'ona. Mtungi ule haukuoshwa kamwe. Chachu ya mama yake ilikuwa imeganda ndani.

Siku moja nikajichotea kibuyu, mashapo na yote, nikanywa, nikakitundika juu ya kitanda changu. Alinitukana kutwa nzima huku akicheka. Mtani hadaiwi.

Kisha tukaambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa, kando ya barabara. Majirani walikuja kumsaidia bibi kubeba vyombo, na kwa heshima wakausugua mtungi kwa majivu na maji ya moto. Bibi angehamiaje na chombo kichafu? Alipouona unang'aa, aliketi chini.

Huko kijijini kila wanzuki aliyoitengeneza iligeuka siki. Aliimwaga kwenye kichuguu, akaacha kunitania. Ndipo nikakikumbuka kibuyu. Mashapo yalikuwa yamekaukia chini.

"Bibi, nakurudishia nilichoiba."

"Mtani harudishi," akasema kwa ukali. "Ukirudisha, umeuua utani."

Basi nikakitundika nje ya mlango wangu, nikaenda kazini. Niliporudi hakikuwapo.

"Mwizi!" nikapiga kelele barabarani. "Bibi kizee ameniibia!"

Kutoka ndani kwake nikasikia kicheko.

Haukupita muda nikahamishwa kikazi. Asubuhi ya kuondoka nilipita kuaga. Alikuwa ameinama, sikio kwenye mtungi, akaninyamazisha kwa kidole. Nikainama upande wa pili. Ndani kulikuwa na mnong'ono, kama mvua ya mbali juu ya majani.

"Nionje kidogo?"

"Bado. Nenda ukaibe kwingine."

Treni ikalia. Sikuionja wanzuki ile mpya, wala sikurudi tena.